Mwanangu alitapika kila siku ya mnada, tukailaumu dhahabu

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Huu uzi nimeuahirisha sana. Juzi kuna jamaa humu aliuliza kuhusu mtoto wake anayetapika mara kwa mara halafu akipimwa haonekani na kitu, na nikaona wengi wanamjibu kwa utani. Nikasema ngoja nikae chini niandike.

Ninachoeleza nimekipitia mwenyewe. Beseni nimelishika kwa mikono yangu. Pale nisipokumbuka vizuri nitasema sikumbuki.

Mimi sio daktari, ni fundi wa mashine. Tuelewane hapo mapema kabla hamjaanza kunirushia mawe.

Iko hivi.

Kwetu ni Gorong'a, Tarime vijijini. Ile rashi ya dhahabu ilipochangamka huku kwetu, karibu kila mwenye nguvu aliacha jembe akakimbilia machimbo. Mimi nilienda na spana zangu. Kushuka kwenye duara, yale mashimo ya kuchimbia, sijawahi, naogopa, na sioni aibu kusema. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza karasha, zile mashine za kusaga mawe. Karasha ikigoma, mwenye nayo anakufuata hata kama uko kanisani katikati ya mahubiri.

Mke wangu Akinyi ni Mjaluo wa Rorya, kwao kumegawanyika, nusu huku nusu Migori ng'ambo ya mpaka. Yeye alifungua banda la chakula pale pale machimbo. Niwaambie ukweli, kwenye ile rashi aliyeona dhahabu ni mama lishe. Sisi wengine tulikuwa tunamzungukia tu.

Tulipanga chumba cha mabati. Mtoto wetu wa kwanza, Marwa, ndiyo kwanza alikuwa ameanza kukaa bila kuegemezwa mto.

Sasa hapa naomba niwaeleze kitu kimoja cha kwetu, maana bila hicho hamtaelewa huko mbele.

Marwa ni jina la babu yangu, baba yake mzee wangu. Mimi sikumkuta, alishatangulia kabla sijazaliwa. Kwenye ukoo wetu, mtoto akipewa jina la marehemu anapewa na ng'ombe jike. Maziwa ya huyo ng'ombe ni haki yake. Hata nyumba nzima mkishindia mlenda, kikombe cha mtoto kinatangulia, kwa sababu anayekunywa pale wanasema ni yule mzee amerudi nyumbani.

Marwa akapewa jike jekundu lenye baka jeupe usoni.

Kwa kuwa tuliishi machimbo, mama yangu alikuwa anatutumia maziwa mgando ya yule ng'ombe kila siku ya mnada, kwenye kidumu, kwa boda. Halafu anapiga simu. Hasalimii vizuri, haulizi mtoto amelalaje. Anauliza, "Marwa amekunywa?"

Amekunywa, mama.

Basi anakata simu ameridhika.

Mara ya kwanza mtoto kutapika nilikuwa chini ya injini. Akinyi alimtuma mtu aniite. Nikakuta mtoto amepauka, midomo imekuwa kama imepakwa unga wa muhogo. Anatapika, anapumzika kidogo, anatapika tena, mpaka tumbo halina kitu na inatoka njano tupu. Halafu akalegea begani kwangu kama kitambaa.

Wakuu, nimeona watu wakitolewa kwenye duara lililotitia, lakini sijawahi kuogopa kama siku ile.

Tukakimbia zahanati. Hana homa, haharishi. Wakampima malaria, hakuna. Wakampa maji ya ORS tukarudi. Jioni akaamka anacheka, anadai kuchezea spana. Tukasema kakumbwa na upepo.

Siku ya mnada iliyofuata, mchana, yale yale. Iliyofuata tena, yale yale.

Kuna mnada mwingine ulipita salama, maana boda aliharibikiwa njiani na maziwa hayakufika. Hilo nimekuja kulikumbuka baadaye sana. Wakati ule kichwani mwangu kulikuwa na boda mbovu upande huu na mtoto mgonjwa upande ule, wala havikuonana.

Sasa fikiria machimbo siku ya mnada. Kila karasha inanguruma, vumbi jeupe linatanda mpaka huoni chumba cha pili, watu wanakuja na mawe yao kusaga, wengine wanachoma zebaki pembeni ya vibanda vya chakula kama vile wanachoma mahindi. Mtu mwenye akili timamu angelaumu nini?

Tukailaumu dhahabu.

Na sikuwa peke yangu. Kila mtu alikuwa na lake. Mchungaji alisema ni vita ya kiroho. Jamaa wa mwaloni, kule wanakooshea dhahabu, akasema ni maji, tuchemshe. Tulikuwa tunachemsha. Dada wa chumba cha jirani, mtu mwema kabisa, akaja na ile habari ya meno ya plastiki, kwamba mtoto ameota meno mabaya ndani ya ufizi na kuna bibi anajua kuyang'oa kwa msumari.

Hapo nampa mke wangu maua yake. Alisimama mlangoni na mtoto mgongoni, akasema, "Dada, asante. Lakini huo msumari ukagongee mlango wenu." Hawakusalimiana muda mrefu.

Mimi nilikuwa nimeshaanza kuyumba. Mtoto akitapika mara nyingi unafika mahali ambapo ukiambiwa chochote unakikubali.

Zahanati walitufahamu mpaka wakawa wananitania, wananiita fundi beseni. Kila tukienda tunaulizwa, anakula nini? Tunajibu, ananyonya, anakula uji, viazi tukivipondaponda, maji ya kuchemsha.

Maziwa hatukuyataja.

Sio kwamba tulificha. Kwetu ukiulizwa unakula nini hutaji maziwa, kama ambavyo hutaji kwamba unavuta hewa. Maziwa ni nyumbani, siyo chakula. Hata Akinyi, Mjaluo aliyekulia kwenye samaki, alikuwa ameshazoea kwetu mpaka na yeye hakuyataja.

Mwisho nikaamua. Nikamwambia mke wangu huyu mtoto atatufia kwenye vumbi, mpeleke Gorong'a kwa mama, akapumue hewa safi, mimi nitabaki na karasha. Alikubali ingawa banda lilikuwa linamlipa. Akamwachia mdogo wake, akabeba mtoto akaondoka.

Mnaona nilichofanya. Nilimtoa kwenye kidumu cha siku ya mnada nikampeleka kwenye ng'ombe mwenyewe.

Kule maziwa yakawa asubuhi na jioni. Mama yangu alivyoona mjukuu amekonda akaongeza. Mtoto akitapika, anasema tumbo limebaki tupu, ajaziwe. Anajaziwa. Nilipoenda kuwaona nilikuta mbavu zinahesabika, macho yameingia ndani, na mama amekaa na kikombe mkononi analia kimya kimya. Alikuwa anampa kitu kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo, na mtoto anazidi kuyeyuka mikononi mwake.

Nililia na mimi, nyuma ya zizi. Wanaume wa kwetu tunalilia huko.

Halafu kiangazi kikakaza. Majani yakaisha, mzee wangu akapeleka ng'ombe mbali kutafuta malisho, upande wa mto Mara, pamoja na yule mwekundu. Nyumbani pakawa hapana tone la maziwa.

Na mtoto akapona.

Sio kupona kidogo. Alianza kula uji na kuomba tena. Mashavu yakarudi. Akatambaa, akasimama. Mama mkwe alitoka Migori kuja kuwasalimia na furushi la dagaa, wao wanaita omena, akawasaga wakavu akachanganya kwenye uji, mtoto akalamba bakuli. Kila mtu akajitwalia sifa. Mchungaji alisema maombi. Mama alisema dawa ya mizizi aliyokuwa anamchemshia. Mzee wangu alisema hewa ya Gorong'a. Mimi kimoyomoyo nilijipongeza kwa uamuzi wa busara.

Mvua zikarudi, ng'ombe wakarudi. Yule mwekundu alikuwa amezaa huko huko.

Siku hiyo nilikuwepo. Mzee alikamua mwenyewe, jambo ambalo kwa umri wake huwa halifanyi. Akaleta kikombe kwa mikono miwili mpaka kwa mjukuu wake aliyekaa kwenye mkeka. "Marwa, ng'ombe yako imekuja," akamwambia. Aliongea Kiswahili kwa heshima ya mkwe wake, maana Akinyi Kikurya alikuwa anakisikia nusu nusu. Mtoto akanywa yote. Tukapiga makofi.

Jua lilipokuwa utosini, mtoto akanyamaza. Akapauka. Midomo ikawa ile ya unga.

Mimi nilikimbilia beseni kwa mazoea. Akinyi hakukimbia. Alikuwa amesimama tu anakiangalia kile kikombe kilichoachwa juu ya mkeka. Baadaye mtoto alipotulia akanivuta pembeni.

"Baba Marwa, ni maziwa."

Nikamwambia haiwezekani.

"Ng'ombe hawakuwepo, hakutapika. Wamerudi leo, ametapika leo. Na kule machimbo, siku boda alipoharibika?"

Wakuu, nilikaa chini. Kwenye mashine, ukitaka kujua kifaa gani kibovu, unakitoa halafu unawasha. Hiyo ndiyo kazi yangu, nafanya kila siku kwa injini za watu. Kwa mwanangu kazi hiyo ilifanywa na kiangazi.

Hatukusema kitu pale nyumbani. Tuliaga kwamba tunaenda kumsalimia shangazi yangu Ghati, dada mkubwa wa mzee, aliyeolewa Machochwe upande wa Serengeti. Ni kweli tulilala kwake, lakini kesho yake tulishuka Mugumu hospitali.

Daktari alikuwa kijana mtulivu. Safari hii tulimweleza yote, kidumu, mnada, kiangazi, kikombe. Akauliza saa mtoto anakunywa na saa anatapika. Akasema mwili wa mtoto unayakataa maziwa ya ng'ombe, ni aina ya aleji, na hii haitoi vipele, inachelewa kidogo halafu inakuja kwa kutapika, ndiyo maana inapotea machoni. Aendelee kunyonya kwa mama yake kwa kuwa hilo linamkubali. Maziwa ya ng'ombe, mabichi, ya kuchemsha, mgando, yote asiguse. Watoto wengi wakikua linaisha lenyewe, lakini tusijaribu nyumbani, tukitaka kujaribu tuje pale pale hospitali.

Nilitoka pale mwepesi. Kisha tulipofika kituo cha magari nikakumbuka kitu, uzito wote ukarudi.

Nani atamwambia mzee?

Kwetu kukataa maziwa ya ng'ombe wa jina ni kumwambia marehemu arudi alikotoka. Na hapo mnajua lawama zingeangukia wapi. Zingemwangukia mke wangu. Wangesema mwanamke wa kula samaki amekuja kumfundisha mtoto wetu kudharau ng'ombe. Kuna shemeji zangu, wake wa kaka zangu, walikuwa wanasubiri sababu tu. Naijua nyumba yetu. Maneno ya namna hiyo yakishatoka kinywani mwa mzee hayarudi, na ndoa nyingi huwa hazivuki hapo.

Akinyi alilijua hilo kuliko mimi. Tuliporudi Gorong'a alishuka garini wa mwisho.

Nilimwambia mzee jioni kabla ng'ombe hawajafungiwa, mbele ya mama, mke wangu na mama mkwe ambaye bado alikuwepo, amekaa mbali nami na kuangalia pembeni kama desturi ya wakwe inavyotaka. Nilisema kwamba ni mimi niliyempeleka mtoto hospitali na ni mimi ninayesema asinywe.

Mama akaweka mkono mdomoni.

Mama mkwe akashindwa kuvumilia, akasema akiwa bado anaangalia ukuta, "Mniwie radhi, mimi ni mgeni. Lakini hii kitu iko kwa tumbo ya mtoto, haiko kwa bibi yake wala kwa mama yake. Hapa hakuna mtu amekosea mwingine."

Mzee alikaa anachora chini kwa fimbo. Shikamoo yangu ya kufika hakuwa hata ameiitikia. Nilimwangalia mke wangu, alikuwa amembana mtoto kifuani kama mtu anayesubiri kufukuzwa.

Ndipo mzee akasema taratibu, "Marwa hakuwa mtu wa maziwa."

Akaacha kuchora.

"Baba yangu. Yule mwenye jina. Maziwa yalikuwa yanamsumbua. Alikuwa na ng'ombe kujaza bonde, lakini kikombe akipewa anampa mtu mwingine." Akamnyooshea fimbo mjukuu wake, kwa upole. "Sasa amerudi na tumbo lake lile lile. Mnashangaa nini? Ng'ombe ni yake. Kunywa si lazima. Maziwa yake watakunywa watoto wa jirani, na sifa itakuwa yake."

Mama yangu alishusha pumzi ambayo naamini alikuwa ameibeba tangu kabla ya kiangazi. Akasema, "Kumbe ndiyo maana," akamchukua mtoto kutoka kwa Akinyi akambusu utosini. Mke wangu akatoka nje. Nilimfuata nikamkuta anacheka na kulia kwa pamoja.

Na yale maneno ya mzee yalizunguka ukoo mzima kwa siku chache tu. Hata wale shemeji zangu wakawa wanasimulia kwa kujivuna kwamba mtoto wetu ni Marwa kamili, mpaka tumbo.

Toka siku hiyo mtoto hajatapika kwa namna ile tena. Akala mayai, maharage, dagaa, karanga. Akawa na shingo nene kama ya mcheza mieleka.

Sasa kwa yule jamaa aliyeuliza, na wengine wenye hali kama yangu, machache niliyojifunza kwa beseni.

Mtoto akitapika usimlazimishe kujaza tumbo. Subiri atulie kidogo, halafu ORS kwa kijiko kidogo kidogo, taratibu, hata kama inachosha. Anayenyonya aendelee kunyonya. Mlaze ubavu. Ukiona hakojoi, amelegea haamki vizuri, anatapika damu au kijani, au hakuna kinachokaa tumboni, acha kusoma nyuzi humu, kimbia hospitali.

Na ukiulizwa anakula nini, taja kila kinachopita mdomoni. Hasa kile ambacho kwenu hamkiiti chakula. Usimnyime mtoto maziwa kwa sababu tu umesoma hapa, mpeleke aonwe kwanza. Wa kwako anaweza kuwa na kingine kabisa.

Ningeishia hapo, lakini kuna kitu kimebaki.

Muda ulipita. Rashi ikapoa, nikarudi Gorong'a, nikafungua gereji yangu. Siku moja nikapita Machochwe kumsalimia shangazi Ghati. Katika maongezi nikamsimulia kwa raha jinsi mwanangu alivyorithi tumbo la babu.

Shangazi akaniangalia kama nimechanganyikiwa.

"Marwa gani huyo hakunywa maziwa?" akasema. "Baba yetu? Yule alikuwa anamaliza kibuyu peke yake na kutuangalia sisi kama kuna kingine. Tulikuwa tunamfichia ili na sisi tupate."

Nikaweka kikombe cha chai chini.

Mzee wangu ni mtu ambaye kwa ng'ombe hadanganyi. Ukimuuliza dume lake lina kasoro gani wakati wa kuuza, anakuonyesha mpaka kovu ambalo usingeliona. Na kwa baba yake ndiyo kabisa. Ila jioni ile aliona mke wangu alivyomkumbatia mtoto, akachora chora chini kwa fimbo, akalitoa jina la baba yake lifanye kazi iliyokuwa inahitajika. Nampenda sana yule mzee. Sijawahi kumuuliza, na sitamuuliza.

Mwaka jana tulimrudisha Marwa Mugumu, wakamjaribisha maziwa pale pale hospitali kidogo kidogo wakiwa wanamwangalia. Hakikutokea kitu. Daktari akasema tumbo limekua, anywe.

Tukaenda nyumbani. Yule mwekundu amezeeka, lakini ana mabinti na wajukuu zizini, mwanangu ana ng'ombe kuliko mimi. Shangazi Ghati naye alikuwa amekuja. Mzee akakamua, akaleta kikombe kwa mikono miwili kama ile siku. Marwa akanywa, akajifuta, akakimbilia mpira.

Mzee akamsindikiza kwa macho. Halafu bila kutabasamu hata kidogo akasema, "Hata yule mwenye jina, ukubwani alianza kunywa."

Nikamgeukia shangazi. Shangazi alikuwa anaangalia ng'ombe.

"Kweli kabisa," akasema. "Nakumbuka."

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Wenye watoto wanaosumbuliwa na tumbo tupeane uzoefu, madaktari nisahihisheni nilipoteleza. Na kama na wewe kuna mzee aliwahi kudanganya ili nyumba yako isimame, mtaje hapa tumpe heshima yake.